Ufagio wa Pili

Baba yangu amefagia ukumbi mmoja kwa miaka thelathini na mmoja, na haya ninayoyasema nayasema kwa majivuno, wala siombi radhi. Wako wanaojivunia baba zao madaktari, wako wanaojivunia baba zao wenye magari. Mimi najivunia mfagiaji. Soma mpaka mwisho, kisha uniambie kama nimekosea.

Ukumbi wenyewe una viti mia tatu na ishirini, vya mbao, vile vya kukunja ambavyo vikikubana kidole hutavisahau. Jukwaa lina pazia jekundu lililopauka upande mmoja, ule unaopigwa na jua la dirishani. Pembeni ya mlango kuna kibanda cha bisi, na harufu ya mafuta yake imeshaingia kwenye kuta, haitoki hata wakipaka rangi mpya. Siku za kazi ni mikutano, mahafali na harusi. Jumapili saa tisa alasiri ni zamu ya wachekeshaji. Baba hufungua mlango, hupanga viti, kisha husimama nyuma kabisa na ufagio wake mkononi mpaka onyesho liishe. Halafu hufagia.

Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akicheka mle ndani. Hacheki, hatabasamu, hatikisi hata bega. Wachekeshaji wanamwogopa kuliko meneja. Zamani kijana mmoja alishuka jukwaani jasho likimtiririka, watu bado wanapiga makofi, akamfuata akamuuliza mzee imeendaje. Baba akatazama chini, akatembea safu mbili, akarudi, akasema, "Bado." Neno moja tu. Tangu siku hiyo jina lake pale ukumbini ni Mzee Bado, na mpaka meneja humwita hivyo mbele ya wageni.

Sasa nikueleze alikuwa anatazama nini kule chini.

Baba hapimi mchekeshaji kwa masikio. Anasema masikio yanadanganywa, maana watu hucheka kwa adabu, hucheka kwa sababu jirani kacheka, hucheka kwa kuogopa kuonekana hawakuelewa. Yeye anapima kwa taka. Mtu aliyechoshwa hutafuna. Atatafuna mpaka boksi liishe, kisha atakung'uta chumvi ya chini. Mtu anayecheka kweli hawezi kutafuna, atapaliwa. Na anayecheka sana, humwaga. Kwa hiyo sakafu ikiwa safi, onyesho lilikuwa baya. Sakafu ikiwa chafu, mtu kafanya kazi.

Usidhani ni jambo la juu juu. Bisi zikiwa zimemwagika miguuni, hicho ni kicheko cha kushtukia. Zikiwa zimefika safu ya mbele, mtu alirusha mikono. Boksi lililokanyagwa ni la mtu aliyeinuka bila kujijua. Karatasi ya kufutia yenye wanja, mwanamke alilia kwa kucheka. Aliwahi kuokota kiatu kimoja cha kiume, saizi kubwa, na mwenyewe hakurudi kukidai. Alikiweka stoo miezi sita, na kila akikitaja alikitaja kwa heshima. Baba anaweza kukuambia safu ya saba ilielewa na safu ya nane ilifuata mkumbo. Mfagiaji mwingine angeona uchafu.

Nyumbani alikuwa na mpinzani, na mpinzani huyo alikuwa mama.

Mama ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Mama hacheki kidogo. Mama huangua kicheko, hushika meza, hufuta machozi kwa kitambaa cha mteja. Vichekesho vikianza kwenye runinga, kitu cha kwanza alikuwa anatema pini zote mdomoni na kuziweka kwenye kisahani, kwa sababu aliwahi kukaribia kumeza moja. Na kilichokuwa kinamvunja mbavu ni kitu kimoja: mtu kuanguka. Aanguke kwenye ngazi, aanguke na sinia, avae suruali kubwa imdondoke kisha aanguke, mama yuko hoi.

Baba alikuwa anakaa kwenye kochi lake uso mkavu, kisha anasema, "Kaangalia pa kuangukia kwanza." Au anasema, "Kawahi," yaani yule bwana kafika kwenye kicheko kabla watazamaji hawajafika. Hilo kwa baba ndilo kosa kubwa la mchekeshaji. Alikuwa anapenda wale wanaosimama tu, mikono mfukoni, wakaeleza jambo lililowapata kana kwamba wako kwa kinyozi, na wanajua mahali pa kunyamaza. Mama alisema hao si wachekeshaji, hao ni watu wanaolalamika. Mtu akianguka kaanguka, anataka maelezo gani tena? Wamebishana hivyo tangu sijazaliwa. Wamebishana kuhusu hilo kuliko walivyobishana kuhusu ada yangu ya shule, na nadhani ndiyo maana ndoa yao imedumu.

Mimi nilikulia katikati ya hao wawili. Nikapata kazi hospitalini, dirisha la dawa, ambako kutwa nzima naandika kwenye bahasha ndogo moja mara tatu. Dirisha la dawa linafundisha. Mtu aliyetoka kuambiwa jambo zito na daktari atakuja pale akuulize kama hivi vidonge vya siku saba anaweza kuvimeza vyote leo ili awahi kupona kabla ya wikiendi. Anacheka, na wewe unacheka, na wote wawili mnajua. Nikaanza kuandika mambo hayo nyuma ya bahasha zilizoharibika. Nikasema kumbe nami naweza.

Miaka miwili iliyopita meneja alinipa dakika kumi kwenye ukumbi wa baba. Nilijua mama atakuwa mbele, nikataka kumfurahisha, nikataka kumfurahisha kila mtu. Nikaiga mwendo wa jirani yetu mwenye makalio. Nikaiga mgonjwa mwenye kigugumizi akitaja jina la dawa. Watu wakacheka, wakapiga makofi, mama akashika kiti cha jirani yake. Nilishuka pale kichwa kimevimba. Nikamkimbilia baba mlangoni.

Akaniongoza katikati ya viti. Sakafu ilikuwa inang'aa. Maboksi yamewekwa chini ya viti kwa utaratibu, matupu. Akainua moja akalitikisa karibu na sikio langu.

"Wamekula mpaka zile punje zisizopasuka," akasema.

Nikamwambia walipiga makofi. Akasema makofi ni adabu, na mikono ikimaliza kupiga makofi hurudi kwenye bisi. Kisha akasema lile ambalo sikumsamehe kwa wiki tatu: kwamba nimewachekesha watu kwa wenzao ambao hawakuwepo kujitetea, na mtu akicheka namna hiyo hucheka nusu, nusu nyingine anajiuliza akitoka pale yeye atasemwaje. Alisema hivyo huku anafagia, kwa sauti ya mtu anayetaja saa.

Wiki tatu sikwenda kwao. Mama alimgombeza, akamwambia hata kudanganya kidogo hujui, mtoto wako mwenyewe? Baba akajibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamtumia mama salamu ampelekee kwamba mimi sijaupanda hata huo mnazi, ananinyima sifa za nini?

Lakini nilijua ana haki, na hilo ndilo lilikuwa linaniuma.

Sasa kuna huu ufagio. Stooni kwa baba, kwenye msumari wa juu, ulikuwa unaning'inia ufagio wa pili. Baba anasema ukumbi ule ni kazi ya mtu mmoja na ufagio mmoja. Wa pili ni wa siku ambayo kazi imemshinda. Siku hiyo ilitokea mara moja, mimi sijaanza shule, alipokuja mzee mmoja mfupi ambaye alikaa kwenye kiti mwanzo mpaka mwisho akieleza jinsi alivyouza baiskeli yake. Mama alifuatwa nyumbani aje kusaidia kufagia. Mpaka leo baba akisimulia habari hiyo anavua kofia. Ufagio ule ulipochakaa kwa kukaa tu, meneja alinunua mwingine, na huo mwingine ulikaa kwenye nailoni yake, miaka na miaka, vumbi limetanda juu. Kila mchekeshaji aliyepita pale alijua habari zake. Wengine walikuwa wanachungulia stooni kabla ya kupanda, kama wanaochungulia matokeo ya mtihani.

Mwaka huu meneja akaniita tena. Nusu saa, peke yangu, Jumapili. Nikamwambia mama peke yake nilichokiamua: sakafu ikiwa safi mara hii, narudi kwenye dirisha langu la dawa na sipandi tena jukwaani maisha yangu yote. Mama hakunibembeleza. Alinishonea gauni la bluu lenye mifuko mikubwa, akanipima, akatoa pini mdomoni akanipa ushauri.

"Ukikwama, anguka," akasema. "Haijawahi kushindwa."

Jumapili hiyo watu walikuwa kama mia mbili na themanini. Baba alipanga viti, akanipita kwenye korido akaniambia kamba ya kiatu changu imelegea, basi. Nikapanda.

Dakika nane za kwanza nilisema mambo ya vidonge. Yalikuwa mazuri, niliyafanyia mazoezi mbele ya kioo mwezi mzima, na hayakumgusa mtu vibaya. Watu walicheka vizuri. Lakini chini ya kicheko nikaanza kusikia kitu kingine. Ukikaa na baba yangu huwezi kutokisikia. Watu mia mbili na themanini walikuwa wanatafuna.

Nilimwona kule mlangoni, wima, ufagio mkononi. Nikafikiria kuanguka, kweli kabisa nilifikiria, nikatazama hata mahali. Halafu nikanyamaza. Sikunyamaza kwa ufundi, nilinyamaza kwa sababu sikuwa na neno. Ukumbi nao ukanyamaza, ikabaki sauti moja ya mtu wa safu ya pili akivunja punje kwa jino.

"Nakusikia," nikamwambia.

Watu wakacheka. Yule bwana akasimamisha taya.

"Kuna mzee amesimama pale mlangoni," nikasema. "Msigeuke wote." Wakageuka wote. "Yule ni baba yangu. Nyie mnadhani mnakula bisi. Mnaniua."

Nikawaambia. Niliwaambia yote, taratibu, kama mtu aliye kwa kinyozi. Kwamba mzee yule anapima maisha ya watu kwa makombo. Kwamba mimi nina miaka thelathini na nne na nyumba yangu ya kupanga, na baba akisema anakuja kunitembelea nafagia chini ya meza, si kwa usafi, naficha ushahidi. Kwamba mchumba wangu alipokuja kujitambulisha, alizungumza saa mbili, akasema anavyonipenda, akasema ameshiba, amekula kwao, ila ataonja tu kwa heshima. Alipoondoka nikamuuliza baba umemwonaje. Baba akaenda kutazama ile sahani tupu. Akarudi akasema, huyu mwongo.

Hapo nikanyamaza tena, mara hii kwa makusudi.

Nikasema nililia wiki mbili kwa ajili ya sahani. Nikasema baada ya miezi mitatu nikagundua yule bwana alikuwa amejitambulisha nyumba nyingine mbili, na kote alisema ameshiba. Nikasema siku hizi nikipata mchumba simuulizi kazi wala kabila, namnunulia bisi kwanza.

Sijui niueleze vipi ukumbi wakati huo. Mtu mmoja aliinua boksi lake juu kwa mikono miwili kuonyesha bado limejaa, na jirani yake alipomwangukia begani likaenda lote hewani. Mwanamke wa safu ya tatu alikuwa ameficha uso kwenye mkoba wake. Na mimi katikati ya hayo yote nikatazama mlangoni, nikaona baba anauegemeza ufagio wake ukutani. Akafungua mlango, akatoka.

Miaka thelathini na mmoja hajawahi kutoka onyesho likiwa linaendelea. Hata siku mvua ilipoingia kwa dirisha alisubiri. Kicheko kilikuwa bado kinapanda. Nikajiambia, mpumbavu wewe, alikufundisha usiwacheke watu, nawe umemwanika yeye mwenyewe mbele ya ukumbi wake. Nilimaliza dakika zilizobaki, nadhani vizuri, sikumbuki. Walisimama. Niliinama, nikateremka kwa ngazi ya pembeni, nikapita katikati ya watu walionishika mikono, nikaenda kumtafuta baba.

Ukumbi ulipokuwa mtupu nilimkuta kwenye safu ya tatu. Mama alikuwa naye. Baba alikuwa ameshika kitu kirefu kwa mikono miwili, na mama alikuwa amekiinamia anakikata kwa meno yake ya fundi. Ilikuwa nailoni. Ilipasuka, vumbi likamwingia mama puani akapiga chafya.

Nikamwambia baba nisamehe. Nikamwambia nilidhani ameondoka kwa aibu.

"Aibu ya nini? Nilikuwepo, ningeweza kujitetea," akasema. "Niliona safu ya tatu wanarusha. Stoo iko mbali, ikabidi niende mapema."

Akaninyooshea ufagio mpya.

"Shika. Peke yangu sitamaliza."

Nililia, ndiyo, nikiwa na gauni la bluu na ufagio mkononi, na sijutii. Nilitazama chini kwa mara ya kwanza. Sakafu ilikuwa nyeupe. Bisi zilikuwa kwenye viti, chini ya viti, kwenye ngazi za jukwaa. Karatasi zenye wanja sikuzihesabu. Baba alinionyesha moja moja, safu kwa safu, kwa ncha ya ufagio: hapa walishtukia, hapa mtu alisimama, hapa huyu alikuwa amejikaza kisha akashindwa. Alikuwa anazungumza haraka kuliko nilivyowahi kumsikia. Kisha, asije akanilevya kwa sifa, akaongeza kwamba kwenye ile sahani ya mchumba niliwahi kidogo.

Tulipanga aanzie mbele, mimi nianzie nyuma. Akageuka, akapiga hatua mbili kwenye zile bisi zenye mafuta, na mguu ukamtoka. Hakuanguka vibaya. Alishuka polepole, kizoleo mkononi, akajaribu kushika kiti na kiti kikajikunja, akajaribu cha pili nacho kikajikunja, mwishowe akakaa chini katikati ya taka, kofia imemfunika macho.

Mama alikuwa ameshakufa kwa kucheka kabla baba hajafika sakafuni. Alijishika mbavu, akakaa, akasema kwa shida kwamba maneno yote yale ya nusu saa, kumbe kilichokuwa kinahitajika ni hiki tu.

Baba akainua kofia. Akamtazama mama, akatazama vile viti viwili vilivyojikunja.

"Lakini sikuwahi," akasema.

Na akacheka. Mle ndani, chini, kwenye safu ya tatu. Kicheko chake ni chembamba, hakifanani na yeye kabisa, na kina kwikwi katikati. Nina miaka thelathini na nne na nilikuwa sijawahi kukisikia kwa ukubwa ule. Nilicheka mpaka nikaupoteza ufagio.

Tulifagia mpaka jua likaondoka dirishani. Tulijaza magunia manne, na la mwisho mama alilikalia ili lifunge.

Jumatatu, meneja alimkuta baba akigongelea msumari ukutani pale mlangoni, kando ya ule anaotundikia ufagio wake. Akamuuliza kwa nini ule mwingine haurudishi stoo, mahali pake pa siku zote. Baba akamwambia binti yake amepewa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na stoo ni mbali.